Samaki Aliyevaa Joho

Ijulikane kwa mataifa yote, yaliyostaarabika na yale yasiyovaa viatu, kwamba milki kubwa kuliko zote zilizowahi kutoza watu kodi ilikuwa na mpaka usiopitika upande wa bahari ya magharibi. Na kwamba mpaka huo ulilindwa usiku na mchana na majeshi ya Kaisari, macho makavu, panga mkononi, tayari kufa.

Majeshi hayo yalikuwa watu wanane na mbuzi. Aliyekuwa tayari kufa ni mbuzi, maana alikuwa mzee.

Kiboma chao kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya langoni, aliyelala ukuta wa nyuma humtakia afya bila kupaza sauti. Ukuta wenyewe ulijengwa kwa mabonge ya udongo yenye nyasi, na kwa kuwa nchi ile mvua hainyeshi bali hukaa, nyasi ziliendelea kuota kana kwamba hazijapewa taarifa ya ujenzi. Mara kwa mara askari wa Kaisari walipanda juu ya ngome yao na kuifyeka kwa mundu. Kulia na kushoto kulikuwa na minara, kisha kiboma kingine, kisha minara tena, ufuko mzima mpaka Alauna kwenye boma kuu, kila kituo kikimtazama jirani yake na vyote kwa pamoja vikiitazama ghuba. Ng'ambo ya ghuba, siku ukungu ukiondoka, ilionekana milima ya watu wasiotawaliwa na mtu. Hao ndio waliokuwa wakisubiriwa. Walikuwa hawajaja. Waliokuja ni sili, waliojilaza mchangani wanene na wenye masharubu, wakatazama ngome kama wageni waliokaribishwa chakula kisha wakaona chakula chenyewe.

Katika watu hao wanane, Reburo alikuwa mdogo kuliko wote kwa umri na mkubwa kuliko wote kwa usumbufu. Waliandikishwa jeshini siku moja, yeye na Pintayo, mtoto wa mjomba wake, huko kwao milimani Hispania, kwa sababu Pintayo alikuwa amesikia kwamba jeshi linatoa viatu vizuri. Viatu vilikuwa vya kawaida. Pintayo alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa, na Reburo alikuwa mtu wa kusema, kwa hiyo walipatana sana. Ni Reburo aliyemwambia askari mmoja mgeni kwamba sili ni wapelelezi wa Kaisari na lazima wapigiwe saluti. Yule mgeni alipiga saluti majira yote ya mvua, na mkuu wa kiboma, mzee Ambato, alipogundua hakumkataza. Alisema angalau yupo mmoja mwenye nidhamu.

Kisha, mwishoni mwa kiangazi, askari mmoja aliyekuwa akirudi kutoka huko kwao milimani alisimama langoni kuomba maji, akamkuta Reburo amechuchumaa anapara samaki. Akamwambia kwamba mama yake amefariki. Si juzi, wakati wa kupanda shayiri, na sasa shayiri ilikuwa imevunwa na kuliwa. Reburo akasema, “Sawa.” Akamaliza kumpara samaki yule, akachukua mwingine.

Aliyelia ni Pintayo. Marehemu alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, naye alimlilia kwa sauti, kwa niaba yao wote wawili, mpaka Ambato akampunguzia zamu. Reburo alimpelekea uji, akakaa karibu naye akimtazama anavyolia, kama mtu anayetazama fundi akifanya kazi asiyoijua.

Tangu hapo alikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake. Mkono anauona, anaunyanyua, anajua ni wake, lakini ukiuchoma mwiba hana habari. Alisubiri ule mchomo wa damu inaporudi. Haukuja. Alikula, alilala, alisimama zamu, alitania. Utani alizidisha. Alimwaga chumvi kwenye bia, alishona mikono ya kanzu za watu, alimvisha mbuzi kofia ya chuma na kumkabidhi lango. Wenzake walicheka, naye alikuwa akiwatazama vinywa vyao vikifunguka na kufungwa, akawa anahesabia hiyo kuwa ni kazi imefanyika.

Sasa, katika ufuko ule palikuwa na kitu kimoja tu kisichotaniwa, nacho ni kibao.

Kila siku kibao cha mti kilitoka Alauna, kimepigwa chapa ya boma kuu kwa chuma cha moto. Askari wa kituo cha kwanza alikipeleka kwa mkono wake mpaka kituo cha pili, wa pili akakipeleka cha tatu, hivyo hivyo kikashuka ufuko mzima mpaka mwisho wa ulinzi, kisha kikarudi kwa njia ile ile. Hakikuwekwa, hakikulazwa. Akida wa boma kuu hakuhitaji kutembea ili ajue kama watu wako macho, kibao kilimtembelea. Kisiporudi, alituma watu wafuate njia yake mpaka pale kilipofia, na aliyekishika mwisho alihesabiwa kuwa alilala zamu. Hakuna kujieleza. Na anayelala zamu huuawa kwa magongo, na wanaompiga ni wale wanaolala naye chumba kimoja na kula naye chungu kimoja. Hakuna mtu kibomani pale aliyewahi kuona jambo hilo likifanyika. Wote walikuwa wamesimuliwa, na katika kusimuliana huko hata Reburo alikuwa hatii neno la utani.

Siku hiyo zamu ya kibao ilikuwa ya Pintayo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magoti. Mtu wa mnara wa kusini alileta kibao, Pintayo akakitia kwenye mkoba wa ngozi, akautundika mkoba kwenye kigingi cha langoni, akaketi kufunga miguu yake. Hili lilikuwa jambo la muda. Baridi ilikuwa imemvimbisha vidole vya miguu vikawa kama vitunguu vidogo vyekundu, na kila kidole alikivisha kitambaa peke yake huku akikibembeleza.

Reburo alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Alikuwa na samaki bapa, mkavu, wale ambao macho yote mawili yako upande mmoja na mdomo umepinda kwa dharau. Alikuwa amemtazama samaki huyo kwa siku kadhaa akining'inia darini, akawa anajiuliza amemwona wapi. Kisha akakumbuka: ni akida wa boma kuu mwenyewe, kasoro mavazi. Basi akamshonea joho kutoka kwenye blanketi jekundu lililochakaa, akalibana kwa mwiba upande wa kulia, pale ambapo samaki angekuwa na bega kama angekuwa na bega, akambandikia ndevu za sufu ya kondoo kwa utomvu wa msonobari. Ilikuwa kazi safi. Ilikuwa, bila kujisifu, kazi yake bora.

Pintayo alipoinama kwenye kidole cha mwisho, Reburo akatoa kibao mkobani, akamtia samaki.

Mpango ulikuwa mwepesi. Pintayo angefika mnara wa kaskazini, angesimama wima kama kawaida, angefungua mkoba na kumkabidhi mlinzi Magilo akida mzima akiwa na joho na ndevu. Wakati wamepigwa na butwaa, Reburo angetokea kwenye ukungu, amepita njia ya vichakani, na kibao mkononi. Wangecheka mpaka washikane. Kibao kingeendelea na safari yake na Kaisari asingepungukiwa na kitu.

Akakichomeka kibao kwenye kuni zilizopasuliwa kando ya tanuri ili akavae joho lake mwenyewe, maana ufukoni kulikuwa na upepo. Alipokuwa akilifunga, Ambato akamwita. Mbuzi alikuwa ameingia kwenye ghala ya shayiri. Na kwa kuwa aliyemfundisha mbuzi kufungua mlango wa ghala anajulikana, alisema Ambato, basi huyo huyo akamtoe.

Mbuzi hakuwa na haraka. Alipotoka, na shayiri iliyomwagika ikafagiliwa, Reburo akarudi tanurini. Dovidero mpishi, ambaye moshi wa miaka ulikuwa umemla macho hata mikate aliijua kwa kuipapasa, alikuwa akisukuma mikate ndani. Akamwambia kwamba leo kuni zimeshika vizuri sana, hasa kijiti kimoja kilichokuwa kikavu, kimewaka kama kimepakwa mafuta.

Reburo akainama akatazama ndani. Mikate ilikuwa imekaa kwenye duara, myeupe, bado haijaiva. Kuni zilikuwa zimekwisha kuwa makaa.

“Sawa,” akasema.

Pintayo alirudi kupitia ufukoni akikimbia kwa ile miguu yake. Kibao kimepotea, alisema. Alifungua mkoba mbele ya Magilo akakuta samaki. Hakusema zaidi ya hapo kuhusu samaki. Hakuwa na nafasi kichwani ya kumtazama samaki. Alirudi njia nzima akipekua mwani kwa mikono, na sasa aliwaomba wenzake waende wakamsaidie kabla maji hayajajaa. Walikwenda wote. Reburo naye alikwenda. Alipekua mwani, alinyanyua mawe, akayarudisha yalipokuwa. Aliona kwamba anatafuta kwa bidii, na kwamba mtu asiyejua angesema huyu anatafuta kweli.

Bahari ilipofunika njia, Ambato aliwakusanya uani. Alisema mkoba haugeuzi kibao kuwa samaki. Wote wakamtazama Reburo kama watu wanavyomtazama mbwa nyama inapopotea.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Reburo alipaona wazi, kama mtu aonavyo kivuko. Lakini kusema wakati ule maana yake ilikuwa kwamba kibao cha Kaisari kimeoka mikate, na magongo yatahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Alijichunguza kama anaogopa. Hakukuta hofu; alikuta tu kwamba mdomo haufunguki upande huo. Ambato akamwambia aape.

“Naapa kwa mama yangu,” Reburo akasema. “Sijui kitu.”

Mmoja wao akaguna. Akasema kiapo cha huyu kijana hata mbuzi hakinunui. Ni Pintayo aliyemgeukia.

“Mwache,” akasema. “Huyu anaweza kunidanganya mimi, anaweza kukudanganya wewe na ukoo wako. Kwa shangazi hawezi kuapa uongo.”

Yakaishia hapo. Mtu akatumwa Alauna. Mikate ikatolewa tanurini, ikagawiwa. Ilikuwa imeiva vizuri, ganda gumu, ndani laini. Reburo alikula kipande chake, kisha akala na cha Pintayo, ambaye hakuweza kumeza.

Alijiambia kwamba atasema akida akifika. Akida akafika siku iliyofuata, juu ya farasi, na askari wawili nyuma yake, na Magilo kama shahidi; na Reburo akamtazama anashuka, na joho lake jekundu, na ndevu zake nyeupe, na macho yake ambayo kweli yalikaa karibu karibu upande mmoja wa uso. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu mwenye mafua anayetaka kumaliza kazi kabla maji hayajakata barabara. Aliuliza aliyeshika kibao mwisho ni nani. Pintayo akasema ni yeye. Akida akasema, “Haya,” akapenga kamasi, na wale askari wawili wakamfunga Pintayo mikono kwenye nguzo ya lango.

Waliobaki walipelekwa kijitoni kukata magongo. Kila mtu alichagua mti wake, na Ambato aliyapima moja moja kwa mkono, mazito akayapitisha, mepesi akayakataa, akieleza kwa sauti ya chini kwamba jepesi ni ukatili. Reburo alikata lake, akaliambua magome. Kisha akaketi juu ya jiwe akaanza kulainisha mahali pa kushika, kwa kisu, polepole, ili lisimtoe malengelenge. Alikuwa amefika mbali katika kazi hiyo alipotambua anachofanya. Akatazama mikono yake. Ikaendelea.

Waliporudi akida akawapanga mstari uani, na Reburo, kwa kuwa ni ndugu, akawekwa karibu zaidi na nguzo. Pintayo alikuwa amevuliwa viatu, kama inavyotakiwa, na vile vidole vyake vilikuwa wazi kwenye matope. Alizungumza bila kumtazama akida.

“Binamu.”

“Naam.”

“Uanze wewe. Piga hapa kichwani, mara moja, kwa nguvu. Usinichezee.”

“Sawa,” Reburo akasema.

“Na ukirudi nyumbani waambie ni homa.”

Reburo akatikisa kichwa kukubali. Alingoja kitu ndani yake kivunjike. Kwa mbali sili mmoja alikohoa. Mwanga ulikuwa wa kijivu, gongo lilikuwa na uzito mzuri, na yeye alikuwa amesimama mle ndani yake mwenyewe kama mtu aliyefika nyumba akakuta wenyeji wamehama.

Ilibaki desturi moja, kwamba shahidi aseme mbele ya wote alichokiona. Akida akamwita Magilo. Magilo alikuwa mtu mzito wa maneno, wa kuanza hadithi kwenye mkia, na alikuwa na huruma kwa Pintayo, jambo lililomfanya aeleze vibaya zaidi. Alisema alikuwa mnarani. Alisema huyu bwana alikuja akasimama, akasalimu, akafungua mkoba, na ndani hamkuwa na kibao.

Akida akauliza kulikuwa na nini.

“Samaki, afande. Samaki mgonjwa.”

“Mgonjwa vipi?”

“Amefungwa kitambaa cha kidonda. Hapa ubavuni, cheupe lakini kimelowa damu. Na amewekwa sufu kinywani, kama mtu aliyeng'olewa jino. Nikasema labda ni dawa yake, afande, watu wa kwao wana dawa za ajabu. Nikamtupia shakwe.”

Hakuna aliyecheka. Katika utumishi wake wote Reburo alikuwa amesikia vichekesho vingi vikiuawa, lakini hakuwahi kusimama mstarini akiangalia mtu akiua cha kwake, tena hiki, na kumtupia shakwe.

“Si kitambaa cha kidonda,” akasema.

Vichwa vikageuka. Magilo akamwambia, kwa upole tu, kwamba yeye ndiye aliyemwona.

“Umemwona vibaya. Lile ni joho. Jekundu lote, hakuna damu. Limebanwa kwa mwiba upande wa kulia. Na sufu haikuwa kinywani, kama ilikuwa kinywani ni kwa sababu mkoba ulitikisika. Zile ni ndevu.”

Akida akaacha kujipangusa pua.

“Jana ulikuwa mnarani, wewe?”

“Hapana, afande.”

“Ulikuwa wapi?”

“Hapa. Namtoa mbuzi.”

“Sasa huyo samaki ulimwona wapi?”

Reburo alifungua mdomo. Alikuwa na majibu matatu au manne tayari, yalikuwa mazuri, angeweza kuanza na lolote. Alimtazama Pintayo, ambaye alikuwa amegeuza shingo kwenye nguzo kadiri kamba ilivyomruhusu, na uso wake ulikuwa bado haujaelewa. Ulikuwa bado unamwamini, kwa mazoea.

“Joho la nani?” akida akauliza.

Macho ya watu wote uani yalikwenda kwenye joho jekundu, kwenye pini ya bega la kulia, yakapanda kwenye ndevu. Nyuma ya mstari mtu mmoja alitoa sauti puani, akaigeuza kikohozi.

“La kwako, afande,” Reburo akasema.

Kisha akasema yote, tangu mwanzo na kwa mpangilio, maana hadithi ikianzwa kwenye mkia inaharibika. Samaki darini, blanketi, utomvu, vidole vya Pintayo, kigingi cha langoni. Kibao alikitoa yeye. Kibao alikificha yeye kwenye kuni. Dovidero asilaumiwe, haoni. Kimeungua, afande, kisitafutwe. Pintayo hakulala wala hakupoteza kitu. Alibeba alichopewa mpaka pale alipoambiwa akipeleke. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuagiza maji, na hakuna aliyemkatiza.

“Uliapa,” Pintayo akasema. “Kwa shangazi.”

“Niliapa. Nilijua amekwisha kufa, hasikii.” Aliona kwamba hilo halikutosha, akaongeza, “Na wewe ningekupiga, binamu. Nilikuwa nimeshalainisha mpini. Ningekupiga, kisha ningekula.”

Akalaza gongo chini kwenye matope, kwa adabu, mpini ukielekea kwa wenzake, akanyoosha mikono yake yote miwili ili afungwe.

“Ni mimi, afande,” akasema. “Mfungueni huyo kwanza. Ana vidole vibaya, hatakiwi kusimama kwenye maji.”